Friza la Bi Mwavita

Juzi nilikwenda mwaloni Kibirizi kununua migebuka, na muuzaji, kijana mwenye haraka zake, akafunua sanduku lake la barafu karibu kabisa na uso wangu. Ikanipiga harufu ya barafu iliyolaliwa na samaki. Si harufu ya samaki peke yake, wala si ya barafu peke yake. Ni ya baridi iliyochanganyika na damu na magamba, inayoingia puani na kukaa kwenye meno. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mama wa watu, nikamwomba radhi vibaya vibaya, nikaondoka bila samaki. Nyumbani waliponiuliza kitoweo kiko wapi niliwafokea. Ndivyo nilivyo. Kitu kikinigusa moyo, nafoka kwanza, kulia baadaye.

Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea siku nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, nikiwa mtoto mwenye pengo la meno ya mbele. Kabla ya siku ile ilikuwa harufu ya chakula tu, kama kwa mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa.

Tulikaa Kasingirima, mimi, Baba, Mama na Bibi mzaa Baba. Ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma ulitutenganisha na Bi Mwavita, mwanamke mrefu, mkimya, asiye na mtoto, aliyekuwa akiuza barafu. Wa rika langu mliokulia Ujiji mtazikumbuka nyumba za namna ile: kibao mlangoni kimeandikwa kwa chaki kwamba barafu ipo, na friza kubwa jeupe kwenye baraza ya uani, limefungwa kufuli kwa sababu ya watoto wenye mikono myepesi. Asubuhi bajaji ilikuja kuchukua mapande ya barafu kuyapeleka mwaloni kwa wauza samaki. Jioni za Ramadhani mtaa mzima ulisimama mlangoni kwake na vibakuli.

Mtaa mzima isipokuwa sisi. Mimi nilitumwa barafu kwenye nyumba ya mbali, kule kwenye njia ya kwendea Katubuka, nikirudi nusu imeshakuwa maji na vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa nanung'unika njia nzima. "Kwa Bi Mwavita si hapa tu, Bibi?" Bibi alinijibu kila mara kwa maneno yale yale: "Kwa Mwavita hatuli, hatunywi."

Sababu ilikuwa Shangazi Zaina, dada yake Baba. Mimi nilimjua kwa picha iliyotundikwa sebuleni, msichana anayecheka, amesukwa mistari myembamba iliyopanda yote kukutana utosini. Alishikwa na kidole tumbo, wakamwambia atapasuliwa, jambo dogo. Asubuhi ya kwenda hospitali, Bi Mwavita, ambaye ndiye alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, alimkalisha kwenye mkeka akamsuka, maana mtu haendi kulala kitanda cha hospitali kichwa timutimu. Shangazi aliondoka anacheka. Akapewa nusu kaputi, na hakuamka tena.

Bibi ndiye aliyemwosha. Alikuwa mwoshaji, wanawake wa mtaani walimwita kila palipotokea msiba wa mwanamke mwenzao, na mikono yake ilijua maiti inavyokuwa. Ya Zaina haikuwa vile. Walimleta nyumbani haraka ili azikwe siku ile ile, na Bibi alipomgusa alikuta mwili wa moto, moto wa mtu mwenye homa kali, huku umekakamaa kama mti na taya limejifunga. "Nimeosha wengi," alikuwa akisema, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. "Maiti haiwi ya moto."

Basi akatafuta sababu, na sababu akaipata ng'ambo ya ukuta wake. Nani alikuwa na nywele za Zaina? Kwetu, nywele zinazodondoka wakati wa kusuka hukusanywa zote akapewa mwenyewe azifukie, awe na adui au asiwe naye. Asubuhi ile, kwa haraka ya kuwahi hospitali, hakuna aliyekumbuka kuzikusanya. Zilibaki kwenye mkeka wa Mwavita.

Hakuna aliyempiga wala kumshitaki popote. Walimnyamazia tu. Mtaa nao ukafuata kwa kiasi chake: barafu waliendelea kununua, lakini hakuna mama aliyempa tena binti yake amsuke, na kabla ya hapo yeye ndiye alikuwa msusi hodari kuliko wote Kasingirima. Hata leo nikifikiria jambo hilo napata hasira, na sijui nimkasirikie nani, kwa kuwa wote niliowapenda walikuwamo.

Mimi nilizaliwa baadaye, nikayapokea haya vipande vipande, na mtoto ukimpa vipande atajijengea nyumba yake mwenyewe. Bibi akiwa na uchungu alisema Zaina hakufa, alilazwa usingizi tu, kisha Mwavita akamchukua. Alisema pia kwamba alikuwa wa moto. Nikafikiri sawasawa, bila kumuuliza mtu. Mtu wa moto, aliyelazwa usingizi, akichukuliwa na mwanamke mwenye friza, atawekwa wapi? Ndani ya friza, tena lenye kufuli.

Nilipotega sikio ukutani nililisikia likinguruma polepole, likinyamaza, likinguruma tena, nikajua Shangazi anakoroma. Sikuogopa, nilifarijika. Kilichonikosesha raha ni umeme ulipokatika, na siku zile ulikatika ovyo. Friza likinyamaza nilizunguka uani, nikaenda chooni bila haja, nikarudi, nikamuuliza Mama umeme unarudi saa ngapi, mpaka akasema mtoto huyu kama amekalia siafu. Nilikuwa na wasiwasi na jambo moja tu: barafu ikiyeyuka, Shangazi ataamka, atagonga, na kufuli liko nje.

Ndipo siku moja umeme ulipokatika tangu asubuhi hadi alasiri, nikashindwa kuvumilia. Nilipanda ukuta. Niliona friza, niliona maji yakichuruzika chini yake na kuchora njia kwenye saruji, nikajinyoosha zaidi ili nisikie kama kuna anayegonga. Tofali likachomoka. Nilianguka upande wetu, mkono chini yangu, na nilipoutazama ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Hospitali ya mjini walisema mfupa wa juu ya kiwiko umehama, hauwezi kurudishwa mtoto akiwa macho, atapewa nusu kaputi. Bibi alisimama palepale kwenye korido. "Mtoto huyu hapewi nusu kaputi."

"Mama, ni mkono tu," Baba akamwambia.

"Na la mwenzio lilikuwa tumbo tu."

Walivutana mpaka kesho yake asubuhi. Baba alishinda, kwa sababu mkono ulikuwa umevimba na vidole vinabadilika rangi. Mama alinichana nywele pale kitandani, na Bibi alisimama juu yetu akiokota kila unywele uliodondoka na kuufunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha wakanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari wa usingizi, mwanamke mwenye macho ya uchovu, aliniwekea kikombe cha mpira puani akaniambia nivute pumzi kama nataka kuzamia ziwani. Ilikuwa harufu tamu, tamu ya kuchefua, kama tunda lililoiva kupita kiasi ndani ya kopo la rangi. Nilivuta, kwa kuwa kuzamia nilikuwa najua.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mama, mara nyingi, na kila mara akisimulia hushindwa kukaa. Huinuka akatafuta cha kufuta au cha kupanga.

Hata mkono haujaguswa, taya langu lilijifunga. Miguu ikanyooka, mwili wote ukakakamaa, moyo ukaenda mbio, na joto likaanza kupanda mbele ya macho yao. Yule daktari aliifunga ile dawa mara moja, akanipa hewa safi, wakaniwekea dripu za baridi, akatoka mlangoni mwenyewe na glavu zake akasema wanataka barafu, nyingi, sasa hivi. Hospitalini kulikuwa na vile vipakiti vya kupoozea chanjo, havikutosha. Baba akatoka mbio kuelekea ziwani, bila kujua anakwenda kwa nani. Mama akabaki ameegemea ukuta, akatoa simu, akampigia Bi Mwavita.

Alikuwa na namba yake. Siku zote hizo alikuwa nayo, na Bibi hajui.

Bajaji ya mwaloni ilikuwa ndiyo kwanza inapakiwa. Bi Mwavita alifungua friza, akatoa kila kipande kilichokuwamo, akakirundika kwenye sanduku la samaki la dereva, naye akakaa juu yake. Walipofika alikuwa ameloa kuanzia kiunoni. Akakutana na Bibi mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Hupiti," Bibi akasema. "Huyu humgusi."

Mama hakuwahi kumpandishia sauti mkwewe tangu aolewe. Siku ile alimshika bega. "Pisha, Mama. Mtoto anaungua."

Bibi akapisha. Bi Mwavita aliketi sakafuni koridoni akavunja mapande yale kwa jiwe, akayajaza kwenye mifuko, na manesi wakayapokea na kuniwekea shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Alivunja mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kazi ilikwenda hivyo hadi joto lilipoanza kushuka, na hata hapo hakuna aliyethubutu kusema nimepona.

Mimi nilipofumbua macho, mchana ulikuwa umeshapita, na kitu cha kwanza kilikuwa ile harufu. Nimeloa, natetemeka, misuli yote inauma kama nimetwangwa kwenye kinu, na juu yangu kulikuwa na uso wa Bi Mwavita. Nikajua niko wapi. Niko ndani ya friza. Nikasema kimoyomoyo, basi Shangazi naye atakuwa hapa pembeni, nikageuza kichwa kumtafuta. Upande huu kulikuwa na mfuko wa barafu. Upande ule, mfuko mwingine. Hapo ndipo hofu iliponishika, nikapiga kelele kwa sauti iliyokwaruza.

"Shangazi yuko wapi? Mtoe Shangazi Zaina kwenye friza!"

Baba aliinamisha kichwa. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi mbali kidogo, alijifunika mdomo kwa kanga. Bi Mwavita hakuondoa mkono wake kwenye paji langu la uso.

"Friza nimelifungua, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Nimetoa vyote. Limebaki tupu."

Alisema polepole, kwa upole, kama anayemweleza mtoto barafu imekwisha. Kisha akaondoka akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nilidhani ni baridi.

Daktari wa usingizi alikuwa amesimama miguuni pangu anapima mapigo. "Shangazi yupi huyo?" akauliza.

Kisha akawageukia wazazi wangu.

"Namuuliza mtu mzima. Shangazi yake mtoto alipatwa na nini?"

"Alikufa," Baba akasema. "Dada yangu. Alipasuliwa tumbo. Nusu kaputi hakuamka."

Daktari aliuacha mkono wangu. "Alipata joto?"

Bibi akainuka kwenye benchi. "Mimi nilimwosha. Alikuwa wa moto."

"Na alikuwa amekakamaa, Bibi? Taya limefunga?"

"Wewe umejuaje?" Bibi akauliza, na sauti yake ilikuwa kali, sauti ya mtu aliyeibiwa kitu. "Hukuwepo. Umejuaje?"

"Nimeyaona leo kwa mjukuu wako."

Akawakalisha akawaeleza. Sikuelewa yote, lakini nilisikia, na baadaye nikasikia tena na tena. Kwamba nusu kaputi ya kuvuta puani kwa watu walio wengi haina tatizo, lakini kwa wachache sana inageuka sumu. Misuli inakaza yote kwa pamoja na mwili unachemka. Kwamba jambo hilo liko katika damu, linarithiwa, na ukiona wawili wa ukoo mmoja basi huna haja ya kubahatisha. Kwamba Baba naye asije akapewa dawa hiyo maisha yake yote, na watoto wake wote waseme hivyo popote watakapolazwa. Baba akajishika kifua kana kwamba ameonyeshwa kitu kilichokaa humo siku zote.

Bibi aliitazama mikono yake. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

Niliruhusiwa baada ya mkojo wangu kuacha kuwa mweusi kama soda. Daktari alieleza kwamba misuli iliyoungua inamwaga uchafu wake kwenye damu, na uchafu huo unaweza kuziba figo, kwa hiyo ninywe maji kuliko ng'ombe na nirudishwe kliniki kila wiki kupimwa. Mkono ulifungwa tu usiendelee kuhama. Ungeshughulikiwa baadaye, mwili ukishatulia.

Mwili ukatulia, nyumba ndiyo haikutulia. Mama alinigusa shingo kila nilipopita karibu naye. Baba alianza jambo akaliacha katikati, akashika jingine. Mkojo wangu uliwekwa kwenye kopo la plastiki linalopitisha mwanga, ukainuliwa juani uani mbele ya familia nzima ili rangi yake ijadiliwe, na mimi nilikufa kwa aibu kila asubuhi. Mama alinikaririsha maneno kama sura ya madrasa: "Msinipe nusu kaputi ya kuvuta, ni sumu kwangu na kwa ukoo wa baba yangu." Nilipaswa kuyasema hata nikiamshwa ghafla. Niliyazoea hata nikawa namwambia muuza maandazi, bila kuulizwa.

Lakini asiyetulia kuliko wote alikuwa Bibi. Alifagia ua uliofagiwa. Alikwenda hadi mlangoni akarudi. Tukiwa mezani aliacha tonge njiani akasikiliza upande wa ukuta, kule friza linakonguruma, kisha akakasirika bila sababu akasema wali una mawe. Aliacha kwenda kuosha maiti. Walipomwita alisema mikono inamuuma. Na yule aliyekuwa hataki kuona hospitali, sasa ndiye aliyetangulia kuvaa kila siku ya kliniki.

Nilidhani anakwenda kwa ajili ya figo zangu. Alikuwa anakwenda kuuliza. Daktari akishamaliza kutazama majibu yangu, Bibi alivuta kiti mbele.

"Daktari, una hakika si mtu?"

"Si mtu, Bibi. Ni dawa."

Wiki iliyofuata tena: "Na kama mtu alikuwa na kitu chake? Kitu cha mwilini mwake?"

"Hata hivyo ni dawa."

"Kwa mfano nywele."

Daktari aliweka kalamu chini. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa anaulizwa nini. "Nywele hazimo kabisa humu, Bibi. Hata angekwenda amenyolewa kipara, dawa ile ingemuua. Na siku zile hakuna aliyejua. Hata waliompa hawakujua."

"Ego," Bibi akaitika kwa Kiha, lugha aliyoitumia akiwa amechoka tu. "Ego." Njiani kurudi, kwenye bajaji, alinishika goti na kulibana mpaka nikalalamika. Alikuwa analia, machozi yanashuka bila sauti, na upepo unayapeleka masikioni. Nikamuuliza kama ameingiwa na vumbi. Akasema ndiyo.

Ningetaka kuwaambia kwamba alikwenda kwa jirani siku hiyo hiyo. Hakwenda. Zilipita wiki. Mara moja nilimwona amesimama mbele ya mlango wa Bi Mwavita, mkono umeinuliwa kubisha, kisha mtu akapita njiani na Bibi akajifanya anatengeneza ushungi. Nilikuwa nachukia kumwona vile. Mtoto hapendi kumwona mtu mzima wake hajui la kufanya.

Kisha mkono wangu ukafikia siku yake. Mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya, ulitakiwa kunyooshwa, na daktari aliahidi kwamba safari hii hakuna kulala wala kuvuta chochote: sindano ya ganzi kwapani, mkono ufe, mimi nibaki macho naangalia dari. Mama akasema nitasukwa ili kichwa kisinisumbue wiki za hogo, ile plasta nzito. Akaleta kitana.

Bibi akakichukua mkononi mwake. Akachukua na kichupa cha mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, akanivuta kwa mkono wangu mzima, tukatoka. Nilidhani tunakwenda kwa msusi wa barabarani. Tukasimama mlango wa pili.

"Hodi."

"Karibu," sauti ikatoka uani, sauti ya mtu ambaye hana hakika amesikia. Tukapita ndani. Bi Mwavita alikuwa anafunga maji kwenye mifuko, akaiacha yote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Bibi akajibu. Sikuwahi kulisikia neno hilo likivuka ukuta ule.

Wakasimama wanatazamana. Bibi alihema kama aliyepanda mlima. Nilikuwa nangoja aseme, kwa kuwa hata mimi, na pengo langu, nilijua kuna neno linalotakiwa kusemwa. Mwisho akasema, "Mtoto anakwenda kunyooshwa mkono leo. Haendi kichwa hivi."

Bi Mwavita alikitazama kichwa changu, kisha viganja vyake ambavyo bado vilikuwa na makovu. "Sijasuka siku nyingi, Mama. Mikono imezoea barafu."

"Itakumbuka."

"Mtindo gani?"

Bibi alinigusa utosini. "Ule wa Zaina."

Bi Mwavita aliingia ndani akakaa huko kwa muda, akatoka na mkeka. Alipokuwa anautandika aliona macho yangu yalipo. "Nenda kaangalie," akaniambia. "Halina kufuli."

Nikafungua friza kwa mkono mmoja. Moshi wa baridi ukanipanda usoni na ile harufu ikaja, hafifu. Kulikuwa na mifuko ya maji iliyopangwa, mingine imeganda, mingine bado, na ndani kabisa chini, weupe mtupu. Nilitazama pembe zote. Hapo ndipo Shangazi Zaina alipokufa kwangu. Nililia kwa ajili ya mtu niliyemjua kwa picha, nililia kuliko nilivyolilia mkono, na wale wanawake wawili wakaniacha nilie wala hawakuniambia nyamaza.

Kisha nikakaa kati ya magoti ya Bi Mwavita. Vidole vyake vilikuwa baridi, akafumua mstari wa kwanza akauanza upya. Mimi sikutulia, nilijipinda huku na huku, na kila mara aliniweka kichwa sawa bila kugomba. Bibi naye alikaa, akasimama, akakaa. Friza lilinguruma. Mistari ilipanda mmoja mmoja hadi utosini, na Bi Mwavita alipomaliza alipapasa mkeka wote, akaokota kila unywele uliodondoka, akaziviringa zote kuwa kidonge kidogo, akamnyooshea Bibi kama inavyotakiwa. Hakumtazama usoni.

Bibi alichuchumaa mbele yake. Kwa mikono ile ile iliyomwosha Zaina akavishika vidole vya Bi Mwavita, akavifumba juu ya nywele zangu.

"Kaa nazo," akasema.

Nje bajaji ilikuwa inapiga honi, Baba anaita kwamba tumechelewa. Bi Mwavita alibaki na ngumi yake imefumbwa, hajui aiweke wapi. Bibi akanyanyuka kwa kushika bega lake, akajifunga kanga vizuri.

"Haya, unangoja nini?" akamwambia. "Funga mlango twende."